Mwanafunzi wa Majuu Si ATM ya Ukoo

Siku ya tatu. Sijasema mwezi wa tatu, nimesema siku ya tatu.

Jamaa wangu alitua Berlin Jumatano moja mwishoni mwa Septemba 2024, anaenda kusoma. Jumamosi asubuhi akapata meseji kutoka kwa anko wake: "Asante Mungu umefika salama. Sasa kuna hii mambo ya mabati ya shosh. Kamati imekuwekea thao ishirini tu."

Ishirini. Tu.

Wakati huo jamaa alikuwa analala kwa hosteli ya watalii, chumba kimoja na wasee saba hawajui, sanduku amelifunga kufuli kwa mguu wa kitanda. Hakuwa na akaunti ya benki ya huko. Hakuwa na laini ya huko. Hakuwa anajua kwamba Ujerumani karibu maduka yote hufungwa Jumapili, kwa hivyo Jumapili yake ya kwanza alikula biskuti alizobeba kwa ndege na kunywa maji ya mfereji. Na tayari alikuwa na deni la mabati.

Kabla hujamtusi huyo anko, wacha niseme yangu. Wiki ya pili mimi nilimwomba simu. Niliandika kama mzaha, "buda usinisahau na iPhone," nikaweka emoji tatu za kucheka. Haukuwa mzaha. Zile emoji ni za kujificha, na wewe unajua, kwa sababu umezitumia pia.

Kwa hivyo hii si post ya kuwasema wazee. Ni post ya kutusema sisi sote. Tunachukua mtoto wa miaka kumi na tisa, tunamtupa kwa mji ambao hajui hata basi inalipwaje, halafu tunaanza kumkamua kabla hajapata kitanda. Tunaita hiyo familia. Mimi nasema ni kumhujumu, na mara nyingi sisi ndio tunaoharibu ile ndoto tuliyoichangia.

Wacha nieleze hii kitu inaanzia wapi, juu haianzii Berlin. Inaanzia kwa gurupu la WhatsApp.

Ukitaka viza ya kusoma Ujerumani, lazima uonyeshe una pesa za kujikimu mwaka mzima. Njia ya kawaida ni kuziweka kwenye akaunti inayoitwa Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Ukipiga kwa shilingi 150 kwa yuro, hiyo ni karibu milioni 1.8.

Familia ya kawaida Kenya haina milioni 1.8 imekaa tu. Kwa hivyo mathe akachukua loni ya Sacco. Shamba dogo likauzwa. Halafu harambee: tenti, viti vya plastiki, MC, soda. Gurupu likaundwa, na kila siku ile orodha inazidi kurefuka, "14. Anti wa Rongai 5,000. 15. Jirani 1,000." Mimi nilikuwa namba 31. Nilitoa 500, na hiyo 500 nilikuwa nimekopa Fuliza.

Sasa shida ni hii. MC alitaja ile milioni 1.8 kwa maikrofoni. Sote tukaisikia. Hakuna aliyesikia sehemu ya pili: kwamba hiyo pesa si akiba, ni chakula. Imefungwa. Mwanafunzi hawezi kuamka siku moja akaitoa yote. Anaachiwa yuro 992 kwa mwezi, kidogo kidogo, mpaka mwaka uishe. Na hata hizo haanzi kuzipata siku anayotua. Anahitaji kwanza kufungua akaunti ya kawaida ya benki, zile 992 ziwe zinaingia huko.

Lakini kijijini habari imeshafika: "Kijana ako na milioni mbili kwa benki ya Wazungu." Zimeongezwa laki mbili za utamu. Kwa hivyo akisema hana, anaonekana mchoyo. Amebadilika. Majuu imemharibu. Kumbe ana siku kumi huko.

Najua pia 992 inasikika tamu. Ni karibu laki moja na nusu kwa mwezi, na hapa Nairobi kuna mtu na digrii yake analipwa thao thelathini. Sawa. Tupige hesabu polepole.

Toa kodi ya nyumba. Berlin vyumba ni shida ya kila mtu, hata Wajerumani wenyewe wanalia, kwa hivyo tuseme amebahatika kupata chumba cha yuro 500 kwenye keja anayogawana na wengine wawili. Zimebaki 492. Toa bima ya afya, ambayo mwanafunzi lazima awe nayo, kama yuro 140. Zimebaki 352. Kuna ada ya redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. Wakigawana watatu ni kama 6. Zimebaki 346. Simu na intaneti, tuseme 15. Zimebaki 331. Chakula, akijipikia na akijinyima, 220.

Zimebaki yuro 111. Hiyo ni kama shilingi 16,650.

Kwa hizo 111 anunue koti la baridi, viatu visivyoingiza maji, daftari, na aweke kando ada ya muhula. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, lakini ada ya muhula iko palepale. Ile thao ishirini ya anko haimo hapo. Hata jamaa akitembea bila koti mwezi wa kumi na mbili, haimo.

Na sijafika kwa kazi yenyewe ya kuzoea mji, ambayo hakuna mtu hukuambia ni kazi.

Ukihamia nyumba Ujerumani, sheria inataka ujiandikishe kwa ofisi ya mtaa ndani ya wiki mbili. Wanaita Anmeldung. Ili ujiandikishe unahitaji barua ya mwenye nyumba. Ili upate mwenye nyumba wa kukuandikia, unahitaji nyumba ya maana, na zile za haraka haraka unazopata ukiwa mgeni mara nyingi wanakuambia kulala ni sawa lakini barua hakuna. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi. Bila namba ya kodi, mwajiri anasumbuka na wewe, na mshahara unaweza kukatwa kwa kiwango cha juu kabisa. Na Berlin kupata miadi kwa hizo ofisi ni kama kutafuta matatu Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Jamaa alikuwa anaamka saa kumi na moja asubuhi kuangalia kwa tovuti kama kuna nafasi mtu ameachilia.

Ongeza lugha. Ongeza kwamba hujui ukinunua soda ya chupa ya plastiki unalipa senti 25 zaidi, na unarudishiwa ukirudisha chupa kwa mashine. Ongeza kwamba saa nne usiku ni wakati wa kimya, ukipiga muziki jirani anagonga mlango. Ongeza giza. Sisi jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hatujawahi kufikiria jua kama kitu kinachoweza kuisha. Berlin mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unaingia darasani mchana, unatoka usiku.

Huyo ndiye mtu tuliyekuwa tunamwandikia "umetunyamazia sana siku hizi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpakia kwa sanduku kabla hajapanda ndege.

Sasa akafanya nini? Alifanya kile wengi hufanya. Akatafuta kazi.

Na kazi inaruhusiwa, msinielewe vibaya. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu-siku 280 kwa mwaka. Mwaka 2025 mshahara wa chini kisheria ulikuwa yuro 12.82 kwa saa. Ukisikia hivyo kutoka Pipeline unaona mtu ameomoka. Lakini kama hujui Kijerumani, kazi unazopata ni za kubeba, kuosha, na kupeleka chakula kwa baiskeli kwenye baridi. Jamaa akapata ghala, zamu ya usiku. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, darasa ni saa mbili.

Mwezi wa Novemba mabati yakafika kwa shosh. Gurupu likajaa baraka. Watu wakaweka video ya fundi akipigilia misumari. Anko akaandika, "Hii ndiyo matunda ya elimu."

Mwezi wa Februari jamaa akafanya mitihani minne. Akafeli miwili.

Hakuna aliyeweka hiyo kwa gurupu.

Na kufeli huko si kama hapa unangoja tu mtihani mwingine bila wasiwasi. Vyuo vingi vya Ujerumani hukupa nafasi chache za kurudia mtihani mmoja. Ukizimaliza, umeondolewa kwa hiyo kozi. Halafu kuna kibali cha kuishi. Kikikaribia kuisha, ofisi ya uhamiaji inataka kuona tena kwamba una pesa za kujikimu, na wanaweza kuangalia kama masomo yanasonga. Kwa hivyo kila thao ishirini anayotuma inamuuma mara mbili. Inapunguza pesa atakazoonyesha, na inachukua masaa ambayo angesoma.

Yaani tulikopa Sacco, tukauza shamba, tukakodisha tenti, ndipo tumpeleke mtoto Ulaya akabebe mizigo usiku ili atulipie mabati. Mabati ya kununuliwa na mtoto aliyefukuzwa chuo ni mabati ghali sana.

Najua mtaniuliza maswali. Nayajibu moja moja.

"Lakini tulimchangia!" Ulimchangia asome. Hiyo ndiyo ilikuwa kichwa cha gurupu, na kadi ya harambee iliandikwa hivyo. Kama ulikuwa unamkopesha, sema ni mkopo, andika kiasi, andika utalipwa lini, na hiyo lini iwe baada ya kumaliza chuo. Kinachoumiza ni ile mchango ya tabasamu ambayo baadaye inageuka kuwa deni lisilo na kiwango wala mwisho. Hata shylock ana ustaarabu wa kukuambia riba.

"Mbona binamu wa fulani anatuma?" Binamu wa fulani ni nesi mwenye mkataba, ana mshahara na miaka minane huko. Usimlinganishe na mtoto anayejifunza kusoma ramani ya treni. Sisi tukisikia "majuu" tunafikiri ni kazi moja yenye mshahara mmoja.

"Kwani utu umeisha? Mtu akiugua je?" Hapo nakubali, na sitaki kujifanya mgumu. Kuna siku nyumbani kunawaka moto kweli. Mathe akilazwa, hakuna mtoto atakaa Berlin ahesabu yuro. Lakini tuwe wakweli: ni maombi mangapi kati ya kumi ni hospitali? Nilimuuliza jamaa anisomee ya muhula wake wa kwanza. Mabati. Ruracio ya binamu. Simu, hiyo ni mimi. Tairi ya pikipiki. Jezi za timu ya mtaa. Mtu alitaka bundles. Msee ako Nairobi anaomba bundles kutoka Ujerumani.

"Lakini yeye mwenyewe anajionyesha." Ukweli. Na hapa nawageukia nyinyi mlioko huko, juu hamtoki hivi hivi. Wiki ya kwanza unapiga picha lango la Brandenburg, koti la kuazima, kichwa cha habari "God did." Unaposti theluji. Hauposti ile meza ya kukunja unayopikia, kusomea na kulilia. Halafu unashangaa watu wanafikiri umefika. Sikwambii uposti machozi. Nakuambia usiuze picha ambayo hutaweza kuilipia. Na sisi watu wa content ndio tumewafundisha, kwa sababu video ya "Nilivyohamia Ulaya" inapata views na video ya "Nimekosa miadi ya kujiandikisha tena" haipati.

Hii si hadithi ya mtu mmoja, na itazidi. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya zile tunazopata kwa kuuza chai. Septemba hiyohiyo ambayo jamaa alisafiri, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na kazi huko Berlin. Kila mwanasiasa sasa anawaambia vijana waende. Sawa, waende. Lakini hesabu ya nchi inahesabu pesa zinazorudi tu. Haihesabu ni wangapi walitumwa kusoma wakarudi bila cheti kwa sababu walikuwa wanalipa kabla ya kupata.

Wacha niwaambie kilichobadilika kwa jamaa, juu hakufa na hakurudi.

Baada ya mitihani alitoka kwa magurupu yote matatu ya familia. Aliandika mistari miwili tu: atapokea simu ya mathe Jumapili, na hatatuma pesa mpaka amalize ile mitihani miwili. Kulikuwa na moto. Anko alisema laana iko karibu. Lakini mathe, ambaye ndiye analipa loni ya Sacco kila mwezi na hajawahi kuomba hata senti, alisema neno moja kwa gurupu: "Mwacheni." Wakamwacha.

Akaacha zamu za usiku, akabaki na kazi ya wikendi mchana. Siku moja mwezi wa tatu, Jumapili, hana kazi na hana simu ya kuogopa, akaenda kutembea tu. Akafika mtaa unaitwa Wedding, na hapana, hakuna harusi, ni jina tu. Huko kuna sehemu barabara zina majina ya Afrika. Kuna Sansibarstraße, hiyo ni Zanzibar. Kuna barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililotokana na yule mkoloni Carl Peters, na mwaka 2024 sehemu yake ikapewa jina la Maji-Maji-Allee, kwa ukumbusho wa watu wa Tanganyika waliopigana na Wajerumani kuanzia 1905. Jamaa akanipigia video akiwa amesimama chini ya kibao. Neno la Kiswahili kwa kibao cha barabara, Berlin.

Akaniambia, "Buda, nimekaa huu mji miezi mitano, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona."

Hiyo sentensi ndiyo ilinifanya niandike hii kitu. Miezi mitano alikuwa Berlin na hakuwa Berlin. Alikuwa kwa ghala, na kwa simu, anatujibu sisi. Kuzoea mji ni kuwa na Jumapili moja ya kupotea kwa miguu bila mtu kukudai. Ni kujua duka gani wanauza unga wa ugali, ni dereva gani wa basi anakusalimia, ni mwenzako gani wa darasa unaweza kumuuliza swali la kijinga. Hivyo vitu ndivyo humshikilia mtu asivunjike, na haviji kama kila wakati mkono wake mmoja uko kwa mfuko akituma.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu, na nataka yasemwe kwa maikrofoni ileile ya harambee.

La kwanza, kabla mtoto hajaondoka, kamati itangaze mwaka wa kimya. Mwaka mmoja hakuna kuomba chochote. Tukimchangia karo, tumchangie na huo mwaka pia, juu hauna bei na anauhitaji kuliko soda za ile tenti.

La pili, kuwe na mlango mmoja. Shida ya kweli ikitokea, ipitie kwa mzazi, na mzazi ndiye aamue kama itamfikia mtoto. Anko hana namba ya moja kwa moja ya kuomba mabati.

La tatu, pigeni simu zisizo na ombi. Hii ndiyo ngumu zaidi, nimejaribu. Piga, uliza amekula nini, uliza jina la rafiki mmoja aliyempata, cheka na yeye, kata. Usimalizie na "na usitusahau." Hajatusahau. Angependa sana kutusahau kidogo apate usingizi.

Mimi nilimpigia jamaa nikamwambia ile simu niliyomwomba nimeifuta. Akanyamaza, halafu akacheka, akaniambia alikuwa ameshaanza kuiwekea pesa kando. Yuro kumi kumi, tangu Oktoba. Alikuwa amefikisha 40.

Sijawahi kuona aibu hivyo.

Tuma hii kwa gurupu la familia yenu leo, kabla ya harambee ijayo. Ukiogopa anko, mwambie ni mimi nimeandika.